Nyasi Zimerudi, Maji Je? Safari ya Moshi na Miteremko ya Kilimanjaro

Mgeni wa Moshi huyasikia maji kabla hajauona mlima. Nililala mjini usiku mmoja, mwishoni mwa kiangazi, vuli ikiwa haijaanza, na kulipoadhiniwa alfajiri nikaenda kuswali katika Msikiti wa Riadha. Maji ya kutawadhia yalikuwa baridi kiasi cha kunizindua usingizi wote. Tulipotoka msikitini, mawingu yalikuwa hayajapanda bado, na Kibo ikaonekana nyeupe juu ya mabati ya mji kwa muda usiozidi nusu saa. Kisha ikajifunika, na haikuonekana tena hadi jioni.

Safari yangu haikuwa ya kupanda kilele. Nilialikwa na mzee mmoja wa miteremko ya juu ya mji, mtu wa makamo ya babu yangu, ambaye kijiji chake sitakitaja kwa kuiheshimu faragha yake. Alikuwa ameniambia kwa simu maneno machache: “Njoo, mwanangu, uone shamba langu lilivyorudishwa. Kisha uniambie kama limerudi.” Maneno hayo ndiyo yaliyonipandisha mlimani.

Mlima unavyoinywa mvua

Kabla ya kufika kwa mzee, hapana budi msomaji aelewe jinsi Kilimanjaro inavyowanywesha watu wake, maana kisa chote kimejengwa juu ya jambo hilo.

Wengi wetu tumefundishwa kuwa maji ya Moshi hutokana na theluji ya Kibo. Theluji ile inapendeza, lakini mchango wake katika mito na chemchemi ni mdogo sana. Chanzo kikubwa ni mvua inayonyesha katika ukanda wa msitu, yapata mita 2,000 na ushei juu ya usawa wa bahari. Huko miti, kuvumwani na majani yaliyooza huipokea mvua na kuishusha polepole ardhini. Hii ni miongoni mwa sababu za msitu huo kuingizwa ndani ya mipaka ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro mwaka 2005, ilhali hifadhi yenyewe ilianzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya sehemu za juu zaidi.

Mlima wenyewe ni kazi ya volkano. Chini ya udongo kuna matabaka ya mawe yaliyopasukapasuka, majivu yaliyoganda, na changarawe nyekundu au nyeusi yenye vitundu vingi kama sifongo, ambayo sisi huiita moramu. Maji hupenya katika matabaka hayo, yakasafiri gizani kwa muda mrefu, kisha yakachomoza chini kwa jina la chemchemi. Njoro ni maji hayo. Shiri ni maji hayo. Miwaleni, kule Kahe, ni maji hayo. Msitu wa Rau, ulio karibu kabisa na mji, wenye miti mikubwa ya misoo katikati ya nchi kavu, unasimama kwa sababu maji hayo yapo karibu chini ya mizizi yake. Na mashamba ya mpunga ya mradi wa umwagiliaji wa Moshi Chini, uliojengwa kwa msaada wa Japani katika miaka ya 1980, hunyweshwa na mto Rau na chemchemi ya Njoro.

Wachaga waliielewa hesabu hii kabla ya wataalamu. Walichimba mifongo, yaani mifereji inayoyatoa maji mitoni na kuyapitisha ubavuni mwa milima hadi kwenye vihamba vya migomba na kahawa. Kila mfongo ulikuwa na wazee wake, zamu zake na siku zake za kusafishwa. Aliyeiba zamu ya mwenzake aliitwa mbele ya wazee akatozwa faini.

Shimo la moramu

Nilimkuta mzee amekaa barazani, tasbihi mkononi. Baada ya shikamoo na kuulizana hali za nyumbani, alinipa chai, kisha akachukua mkongojo tukatoka.

Nyuma ya kihamba chake palikuwa na kilima kidogo, kimoja kati ya vilima vingi vya volkano vilivyotapakaa kwenye mbavu za Kilimanjaro. Kilima hicho chote ni moramu. Miaka kadhaa iliyopita alikuja mjenzi wa barabara akaomba kukikodi. Mzee alikubali. Fedha zile zilimaliza ada za chuo za binti yake wa mwisho na zilizobaki zikaezeka nyumba. Hakuona kosa, nami sikuona kosa katika hilo: kilima kilikuwa chake, barabara ilikuwa ya watu wote, na mkataba ulisema kuwa shimo lingefukiwa na shamba kurudishwa.

Ahadi hiyo ilitimizwa. Moramu ilipokwisha, malori yalileta kifusi na udongo mzito mwekundu kutoka kwingine. Katapila lilikwenda na kurudi juu yake siku nyingi, likausawazisha na kuushindilia. Wakapanda nyasi. Wakapiga picha. “Walinikabidhi uwanja mzuri kuliko kilima nilichowapa,” mzee aliniambia. “Watoto walicheza mpira pale siku hiyo hiyo.”

Nilipofika, uwanja ule ulikuwa bado mzuri kwa macho. Mpita njia angeusifu. Lakini mzee alinipeleka ukingoni, akanionyesha korongo lililochimbika kuelekea kwa jirani. Masika ya kwanza baada ya kukabidhiwa, mvua ilipiga juu ya udongo ule ulioshindiliwa ikakosa pa kuingia. Ikateremka yote kwa mara moja. Iling’oa migomba ya jirani, ikaujaza mfongo tope, na watu wa chini wakakaa wiki nzima bila maji ya mifugo. Jirani hakuja kugombana, bali alikuja kumwuliza tu: “Baba, tumekukosea nini?” Swali hilo, mzee alisema, lilimuuma kuliko ugomvi.

Kisha kilipoingia kiangazi likatokea la pili. Chini ya kilima kuna chemchemi ndogo ambayo tangu zamani huvutwa kwa bomba hadi kwenye birika la msikiti wa kijiji. Mzee ana namna yake ya kuipima. Huweka ndoo chini ya bomba na kuanza tasbihi. Zamani, katika mwezi mkavu kama huu, ndoo ilijaa kabla hajakamilisha Subhanallah thelathini na tatu. Kiangazi kilichofuata shamba kurudishwa, alimaliza Subhanallah zote, akamaliza Alhamdulillah zote, akaingia katika Allahu Akbar ndipo ndoo ikajaa.

Sitasema kuwa shimo lile peke yake ndilo lililoipunguza chemchemi. Mvua za miaka hii hazina utaratibu, watu wameongezeka, na miti imekatwa pengi. Lakini ukitazama kazi ya kilima kile, hutashangaa. Kilikuwa kinywa cha ardhi. Mvua iliyokiangukia haikukimbia. Iliingia katika vitundu vya moramu na kushuka taratibu. Kinywa kiliondolewa, pakawekwa kifuniko, na juu ya kifuniko pakaoteshwa nyasi.

“Moramu ilikuwa yangu,” mzee alisema tulipokuwa tukirudi. “Maji hayakuwa yangu. Niliuza kilicho changu, kikaondoka na kisicho changu.”

Yaliyowapata wenzetu

Jambo hili halikuanzia Kilimanjaro. Katika milima ya Kentucky na West Virginia, Marekani, makaa ya mawe yamechimbwa kwa kuondoa vilele vya milima na kutupa vifusi mabondeni. Mwaka 1977 nchi hiyo ilitunga sheria inayomlazimu mchimbaji kuirudisha ardhi karibu na umbo lake la awali na kuiotesha mimea. Sheria ilikuwa njema, na maeneo mengi yakawa kijani. Hata hivyo matatizo mawili yalibaki. La kwanza ni lile la mzee wetu: mashine nzito ziliushindilia udongo mno, mvua ikateleza badala ya kuzama, na miti ikashindwa kupenyeza mizizi. La pili ni la siri zaidi. Maji yaliyopita ndani ya vifusi vya mawe yaliyovunjwa yalitoka yakiwa yamebeba chumvi na madini mengi kuliko vijito vya asili, na hali hiyo iliendelea miaka mingi baada ya nyasi kuota. Jiwe zima hutoa kidogo. Jiwe lililosagwa huyafungulia maji milango elfu. Miaka ya baadaye wataalamu wa misitu wa huko walianza kushauri kwamba udongo wa juu uachwe tifutifu na ipandwe miti ya asili, badala ya kusawazisha na kushindilia kwa ajili ya kupendeza.

Mawe ya Kilimanjaro si ya aina ile, lakini sisi nasi tunajua kuwa maji huchukua alichonacho jiwe. Katika nyanda za Hai na kuelekea Arusha, floraidi inayotoka katika mawe na majivu ya volkano imewatia wengi madoa ya kahawia menoni tangu utotoni, na pengine kuwadhoofisha mifupa. Kwa hiyo anayevunjavunja mawe juu ya chanzo cha maji, au anayefukia shimo kwa kifusi asichojua kimetoka wapi, anacheza na vinywa vya watoto wa wenzake.

Upo pia mfano mwema, na uko pwani yetu wenyewe. Kiwanda cha saruji cha Bamburi, kaskazini ya Mombasa, kilichimba mawe ya matumbawe tangu miaka ya 1950 na kuacha jangwa jeupe, ambalo sakafu yake ilikaribia maji ya chumvi yaliyo chini ya ardhi. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo René Haller alianza kulitibu. Alijaribu miti ya aina nyingi. Michache tu ilistahimili, na uliofana zaidi ni mvinje. Lakini majani ya mvinje yalirundikana bila kuoza. Akaleta majongoo, wakayala majani yale na kuyageuza mboji. Mboji ikawa udongo, udongo ukakamata mvua, yakapatikana mabwawa, samaki, ndege na wanyama. Leo pahali hapo panaitwa Haller Park. Tuzingatie mpangilio wake: kazi ilianzia kwenye udongo ulio hai, na uzuri ukafuata baada ya miaka.

Holili na Chala

Siku ya pili niliteremka Himo, nikashika barabara ya Holili, kwenye mpaka wa Kenya. Upande huu mlima ni mkavu zaidi, na ardhi yake imejaa pozolana, majivu ya volkano yanayochanganywa katika saruji. Huchimbwa kwa mashimo ya wazi, kama moramu. Saruji hiyo hujenga nyumba zetu, madrasa zetu na misikiti yetu. Basi hakuna hata mmoja kati yetu anayeweza kujitoa katika maswali haya akasema hayamhusu.

Kutoka huko nilikwenda kulitazama ziwa Chala. Ni shimo pia, ila lilichimbwa na volkano. Kuta zake zinashuka wima, na maji yake ya rangi ya samawati yana kina cha yapata mita 90. Hakuna mto wa kudumu unaoingia, wala unaotoka. Maji huingia kwa chini, yakitoka katika miteremko ya Kilimanjaro, na kwa chini hutoroka kuzilisha chemchemi za nyanda za mbele. Nilikaa ukingoni muda mrefu. Ziwa lile humfundisha mtu jambo ambalo shimo la mzee lilikuwa limelificha kwa nyasi: kila shimo la mlima huu ni dirisha la kuingilia kwenye maji ambayo mtu mwingine anayanywa mahali pengine.

Ndiyo maana kosa kubwa kuliko kufukia vibaya ni kuligeuza shimo jalala. Udongo ni chujio. Shimo la moramu limekwisha kuondolewa chujio hilo, na kinachotupwa humo, iwe ni nepi, mafuta machafu ya magari au kinyesi, hukuta njia fupi. Mashimo mengi pembezoni mwa miji yetu huishia hivyo, kwa kuwa ni wazi na hayana mwenyewe.

Harimu ya maji

Ndugu msomaji, dini yetu haikuliacha jambo hili bila mwongozo. Mafundisho ya Mtume, rehema na amani zimshukie, yameyahesabu maji miongoni mwa vitu ambavyo watu wote ni washirika ndani yake, na yamekataza kuyafuja hata kwa anayetawadha penye mto unaotiririka. Wanavyuoni wa fiqhi wakajenga juu ya msingi huo kanuni ya harimu: kila kisima na kila chemchemi ina eneo linaloizunguka ambalo halichimbwi wala halijengwi kwa namna ya kuidhuru. Mwenye ardhi ana haki yake, lakini haki hiyo husimama pale inapoanza kumdhuru mwingine. Na sote tunakijua kisima cha Ruma mjini Madina, ambacho Sayyidna Uthman, Allah amridhie, alikinunua kwa mali yake akakifanya wakfu ili watu wanywe bila malipo. Mtu aliyenunua maji ili awaachie watu, na mtu anayeuza ardhi yake maji ya watu yakapotea pamoja nayo, wamesimama pande mbili zilizo mbali sana.

Sheria ya nchi nayo inakaribia maana hiyo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu zinazoweza kudhuru ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, maziwa na mabwawa. Mchanga, kokoto na moramu ni madini ya ujenzi kisheria. Huchimbwa kwa leseni, na mchimbaji anawajibika kulirekebisha eneo. Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani ina ofisi yake hapo hapo Moshi, na mwananchi anaweza kwenda kuuliza.

Pengo liko katika kipimo. Aghalabu tunauliza: je, shimo limefukiwa? Je, pameota? Tungepaswa kuuliza: je, mvua ikinyesha hapa, inazama au inakimbia? Chemchemi iliyo chini, ina maji kiasi gani kiangazi hiki kuliko kabla ya kuchimba?

Kwa wenye vihamba na watoto wao

Familia nyingi zitafuatwa na wenye malori, maana miji inakua na ujenzi hausimami. Kabla ya kutia saini, baba, mama na watoto wakae pamoja waulizane haya. Chini ya kilima hiki kuna chemchemi au mfongo wa nani, na je, wenyewe wameulizwa? Udongo wa juu, ule mweusi wenye uhai, utawekwa kando ili urudishwe juu, au utauzwa pamoja na moramu? Kifusi cha kufukia kitatoka wapi na kina nini ndani yake? Sakafu ya shimo itaachwa tifutifu na kukatwa makinga maji, au itashindiliwa? Nani atarudi kulitazama eneo baada ya masika mawili, si baada ya picha ya kwanza? Majibu yaandikwe ndani ya mkataba. Na kabla ya jembe la kwanza, chemchemi ipimwe kiangazi na kumbukumbu iwekwe, hata kwa ndoo na saa.

Mzee wetu hakungoja mtu wa kumrekebishia. Alimwendea jirani akamwomba radhi, akamlipa thamani ya migomba. Kisha wazee wa mfongo na vijana wa madrasa waliingia uwanjani kwa sururu na majembe. Walilivunja gamba la udongo, wakachimba makinga maji kukingama na mteremko, wakamwaga samadi, wakapanda miringaringa na matete. Uwanja ule wa mpira haupo tena. Mgeni anayepita sasa ataona vichaka na mitaro, na pengine ataudhika.

Siku ya kuagana tulikwenda pamoja kwenye bomba la msikiti. Mzee aliweka ndoo, akaanza kuhesabu kwa sauti ya chini, nami nikamfuatisha. Zikaisha Subhanallah thelathini na tatu, ndoo haijajaa. Tukaendelea. Ilipotimia Alhamdulillah ya ishirini, maji yalimwagika ukingoni.

“Mwezi kama huu mwaka juzi ningekuwa kwenye Allahu Akbar,” alisema, akaiinua ndoo na kuimimina birikani. Adhana ya adhuhuri ilikuwa karibu, na watu walikwisha kuanza kuteremka kuja kutawadha.